Jibu: Vimelea vya malaria ni bakteria?
Hapana mkuu. Plasmodiamu, yaani kimelea chenyewe cha malaria, ana seli moja tu, lakini seli hiyo ina kiini chenye utando wake, kama zako na zangu. Bakteria hana. Penisilini haimgusi kwa sababu huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, na huyu hana ukuta huo.

Ila umeuliza mbona doksisaiklini, antibayotiki, hukinga malaria. Hapo ndipo patamu! Ndani ya kimelea kuna kifuko kiitwacho apikoplasti, masalia ya mwani uliomezwa na mababu zake. Usanisinuru kiliacha zamani, lakini bado kinaunda protini kwa mitambo ya kibakteria, na dawa humbana hapohapo. Hafi mara moja. Kizazi chake kinachofuata ndicho hukwama.