Maswali ya Wasomaji: Pengwini wa Mary Poppins

SWALI: Ndugu Mhariri, juzi nyumbani tulitazama Mary Poppins, ile filamu ya yaya wa miujiza anayeshuka kutoka mawinguni akiwa na mwavuli. Mjomba wa watoto alishikilia kwamba pengwini wanaocheza na Bert walitengenezwa kwa kompyuta, lakini filamu yenyewe ni ya mwaka 1964. Waliwezaje? Tena, London tunayoiona humo ni London kweli? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

JIBU: Mama, mfikishie mjomba salamu zetu, ila kompyuta haikuhusika hata kidogo. Pengwini wale ni katuni zilizochorwa kwa mkono, na zilichorwa baada ya waigizaji kumaliza kazi yao, kwa hiyo Dick Van Dyke, aliyeigiza Bert, alipokuwa akirusha miguu hapakuwa na ndege yeyote mbele yake, na Julie Andrews, aliyeigiza yaya, naye alitabasamu akitazama mahali patupu.

Kuchora hakukuwa ndiko kugumu zaidi. Kazi ilikuwa kumtoa mwigizaji katika picha yake na kumweka ndani ya mchoro bila kuacha alama. Studio nyingi za wakati huo zilitumia pazia la buluu, ambalo mara nyingi liliacha ukingo wa buluu kuzunguka nywele na kuwazuia waigizaji kuvaa nguo za rangi hiyo. Studio ya Disney ilitumia njia iliyokamilishwa na mhandisi Petro Vlahos na wenzake: nyuma ya waigizaji liliwekwa pazia lililomulikwa kwa taa za sodiamu, ambazo mwanga wake ni manjano ya aina moja tu, yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 589. Ndani ya kamera mlikuwa na prizimu, yaani kipande cha kioo, iliyougawa mwanga, ikapeleka manjano hayo kwenye mkanda mmoja na rangi nyingine zote kwenye mkanda wa pili, hivi kwamba kwa mpigo mmoja mafundi walipata picha ya mwigizaji pamoja na umbo lake kamili la kumkatia nafasi katika mchoro. Kwa kuwa nguo ya manjano ya kawaida huakisi mawimbi mengi kwa pamoja, hata mwigizaji aliyeivaa hakupotea.

Mkitazama tena, angalieni kitambaa chepesi kwenye kofia ya yaya katika sehemu ya katuni: mchoro unaonekana kupitia humo. Kwa maoni yetu, filamu kadhaa za miaka ya karibuni hazijafikia usafi huo. Tuzo ya Oscar ya athari maalumu za picha, mojawapo ya tano ambazo filamu hiyo ilizipata, ilikuwa haki yake.

Kuhusu London, jibu ni fupi: filamu ilipigwa katika studio za Burbank, California. Paa, dohani na anga la jioni kwa sehemu kubwa ni kazi ya brashi ya Peter Ellenshaw na wasaidizi wake, waliochora mandhari zaidi ya mia moja, kisha picha hizo zikaunganishwa na za waigizaji waliosimama kwenye kipande kidogo tu cha jukwaa lililojengwa. Ellenshaw mwenyewe alikuwa mzaliwa wa London.