Timu ya umisionari ikae wapi? Jibu la msomaji

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: timu ya wamisionari ikifika nchi ya ugenini, ikae nyumba moja au kila mtu apelekwe kwa familia ya wenyeji? Niseme mapema kwamba mimi niko upande wa kutawanyika, na swali lenyewe limenigusa pabaya. Ila kuna jambo linalotangulia hilo la nyumba. Katika wiki tatu za mwanzo, mgeni huyu anamtegemea nani? Akiishiwa maji anamwuliza nani? Akipotea njia anampigia nani? Akishikwa na homa saa nane za usiku anagonga mlango wa nani? Kama jibu kila mara ni mwenzake wa timu, basi hata mkimlaza kwa mwenyeji bado yuko kambini.

Anayezijua timu hizi ameshayaona: watu sita, gari moja, mkalimani mmoja. Mkalimani anageuka kuwa mwenyeji pekee wanayezungumza naye kwa kina. Jioni kuna ibada kwa lugha ya kwao, kisha ripoti kwa makanisa yaliyowatuma, kisha simu za nyumbani. Nusu mwaka unapita na bado hawajavuka salamu. Wala si wavivu. Kila haja yao ina mtu wa kuishughulikia, kwa hiyo hakuna kinachowalazimisha kufungua kinywa.

Dawa yake inajulikana. Kila mmoja apewe haja moja ya nyumba aishughulikie kwa wenyeji peke yake, bila mkalimani: huyu maji, yule usafiri, mwingine mafundi. Lugha nayo isisubiri darasa. Asubuhi, mwenyeji mmoja amrekodie mgeni kwenye simu sentensi tatu hadi tano, basi. Azisikilize na kuzirudia mpaka zikae mdomoni. Alasiri atoke azitumie kwa watu ishirini au thelathini, hizohizo, hata kama ni kusema tu kwamba anajifunza lugha yao na hajui zaidi ya hapo, kisha anaaga. Jioni aandike alipokwama, na hapo alipokwama ndipo somo la kesho linapoanzia. Mara nyingi mambo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuanza na maneno ya mahubiri, wokovu na neema, kabla mtu hajajua kuomba kupishwa njiani. Ya pili ni kuchagua mwalimu anayeimudu vizuri lugha ya mgeni. Saa ya somo inaishia katika maongezi matamu kwa lugha ile ambayo mgeni alishaijua.

Mtu atasema: mbona mmisionari Krapf alikuja pwani hii bila timu akafanikiwa? Naam, tumtazame Krapf, maana hutajwa sana na husomwa kidogo.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, shirika la umisionari la Waanglikana wa Uingereza, alifika Zanzibar Januari 1844 akitokea Ethiopia. Hakukimbilia kuhubiri. Alikwenda kwanza kwa Seyyid Said, sultani aliyetawala Zanzibar na pwani, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi Mei alihamia Mombasa na mkewe Rosine. Timu hakuwa nayo, ila Kiarabu alikijua, na kilimfungulia mlango wa kadhi wa mji. Ilipofika Juni alikuwa ameshaanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili kwa msaada wa kadhi huyo. Hebu fikirini: mgeni wa wiki chache, Mkristo, amekaa na msomi wa Kiislamu wanatafuta neno kwa neno. Kambi ya watu sita isingempeleka pale.

Mwezi uliofuata, Julai, Rosine akajifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye homa ikamshika. Krapf naye alikuwa amelala kwa homa hiyohiyo. Rosine akafa, na kichanga kikamfuata. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na Krapf baadaye aliliandika kwa waliomtuma kama alama kwamba kazi imeshaanza.

Nimeandika hapa nikitaka kumtumia Krapf kama ushahidi wa upande wangu, na nalazimika kusimama. Mwenzake wa timu asingeiponya homa ile. Kwamba mbu ndiye mbebaji wa malaria, Ronald Ross alikuja kuonyesha mwaka 1897. Lakini mume na mke wako kitandani kwa pamoja, na kati yao kuna kichanga. Nani wa kumbeba mtoto? Nani wa kuwapa maji wote watatu? Hapo mtu wa tatu ana uzito, hata asipojua tiba yoyote.

Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Mjerumani. Naye akaugua, Krapf akaugua tena. Wazee wa Rabai, kijiji cha bara karibu na Mombasa, walikuwa wameshaombwa ruhusa na kukubali, na Agosti wakapanda kwenda kukaa huko, wote wawili dhaifu, na punda wao mmoja. Krapf aliondoka 1853 kwa ajili ya afya yake. Rebmann akabaki mpaka 1875, amekuwa kipofu. Kituo cha Rabai kilianza walipokuwa wawili. Hilo siwezi kulipita.

Basi hukumu yangu imelegea kuliko nilivyoanza. Mlale wawili wawili, katika nyumba za wenyeji zinazofikiana kwa miguu, na mchana kila mtu ashike njia yake. Mwenye mimba, mwenye mtoto mchanga na mwenye dawa za kila siku wakae karibu na hospitali pamoja na wenzao, hata kama lugha itachelewa. Dawa za kinga ya malaria zichaguliwe na daktari kwa kila mtu peke yake: doksisaiklini, kwa mfano, haifai kwa mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8, na wanaokuja kwa muda mfupi huiacha siku ya kurudi, ilhali inapaswa kuendelea wiki 4 baada ya kutoka eneo la malaria. Homa yoyote kuanzia siku ya 7 baada ya kuingia eneo hilo ipimwe siku hiyohiyo, isingojewe ibada iishe.

Wapo ambao hata wiki mbili za kambi kamili zitawafaa, hasa pale ambapo kanisa mwenyeji halijapata familia za kuwapokea. Kanisa likisema wakae pamoja, wakae. Wenyeji ndio wanaojua nyumba ipi ni salama. Lakini tarehe ya kuvunja kambi iandikwe kabla ya kupanda ndege, na anayeishika awe mchungaji mwenyeji, maana kiongozi wa timu hakosi sababu ya kuisogeza mbele.