Maswali na Majibu: Lori Linaloujua Mlima Kabla ya Kuufikia

Wasomaji wa Tabora na Kigoma wameuliza kuhusu kruzi tabiri, yaani mfumo unaorekebisha mwendo wa gari kwa kuangalia umbo la barabara iliyo mbele ili kuokoa mafuta.

Inatofautianaje na kruzi ya kawaida? (Mmiliki wa malori, Nzega)

Kruzi ya kawaida hushika mwendo uliopangwa bila kujua kinachokuja. Lori likikaribia kilele, bado huchoma dizeli ili kurudisha mwendo ambao mteremko ungeurudisha bure, na muda mfupi baadaye dereva hulazimika kukanyaga breki. Kruzi tabiri hupata mahali lilipo lori kwa setilaiti, hupalinganisha na ramani yenye vipimo vya miinuko, kisha huongeza mwendo kidogo kabla ya mlima, huchagua gia mapema na hupunguza mafuta kabla ya kilele, ili uzito wa lori wenyewe ulishushe. Kila breki inapokanyagwa, mwendo ulionunuliwa kwa dizeli hugeuka joto na kupotea. Hapo ndipo akiba inapopatikana.

Akiba hiyo ni kiasi gani? (Msafirishaji wa tumbaku, Urambo)

Scania, ilipouleta mfumo wake sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilitaja akiba ya hadi asilimia 3. Lori linalotumia lita 400 kwa kilomita 1,000 lingeokoa, kwa kiwango hicho cha juu kabisa, lita 12. Kwa maoni yangu, msafirishaji anayezunguka katika uwanda wa Tabora pekee asitarajie hata nusu ya hapo, kwa sababu mfumo huu hula matunda ya milima. Anayepita Sekenke kwenda Singida, au anayepanda kutoka Kigoma kuelekea Kasulu akiwa na shehena nzito, ana sababu nzuri zaidi ya kuutaka.

Je, si sawa na kuweka gia huru mteremkoni, kama tunavyofanya miaka yote? (Dereva, Kasulu)

Si sawa, na naomba jibu hili lisomwe kwa makini kwa kuwa linahusu uhai. Katika injini za dizeli zinazodhibitiwa kwa kompyuta, ukiachia pedali ya mafuta gia ikiwa imeingia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na mafuta hukatwa kabisa; ukiweka gia huru, injini huhitaji mafuta ili isizimike. Gia huru ina faida pale tu mteremko ni mdogo na lori linaweza kuviringika mbali bila kuhitaji breki, na mifumo mingi huitumia hapo hapo tu, kwa kuwa inajua urefu na ukali wa mteremko. Penye mteremko mkali, gia huru humnyima dereva msaada wa injini katika kuzuia lori, breki hupata moto kupita kiasi na huweza kushindwa. Dereva asiigize kazi hiyo kwa mkono.

Intaneti ikikatika njiani, mfumo hufa? (Msomaji, Uvinza)

Hapana, ikiwa ramani imehifadhiwa ndani ya gari, kwani ishara ya setilaiti haitegemei minara ya simu. Mtandao huhitajika kusasisha ramani na kupokea taarifa kutoka kwa magari mengine. Volvo, kwa mfano, iliwezesha malori yake kushirikishana taarifa za miinuko. Kabla ya kulipia, muulize muuzaji kama ramani yake ina miinuko ya barabara unazopita wewe, si barabara za Ulaya.

Je, mfumo huu unaona matuta na ng'ombe? (Dereva wa basi, Tabora)

Ramani ya miinuko haioni ng'ombe, na tuta lililojengwa mwezi uliopita huenda halimo. Rada iliyofungwa katika baadhi ya magari hupima umbali wa gari lililotangulia, lakini kijijini, penye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, zima kruzi na uendeshe mwenyewe.