RPM, nyuzi na radiani: geuza pale tu hesabu inapokudai

Vijana wa vyuo wakija karakana za Gerezani, Dar es Salaam, kwa mafunzo ya vitendo, wengi huja na jedwali la kugeuza vipimo vya kasi ya mzunguko: RPM (mizunguko kwa dakika) kwenda radiani, radiani kwenda nyuzi, nyuzi kurudi RPM, safu nzima za desimali nne nne. Mimi huwaambia walifunge hilo daftari. Mzunguko mmoja kamili ni nyuzi 360, na ni radiani 2π, yaani 6.283. Dakika ina sekunde 60. Hayo ukiwa nayo kichwani, jedwali la nini?

Ukianza na RPM, gawa kwanza kwa 60 upate mizunguko kwa sekunde. Iangalie hiyo namba uone kama inaingia akilini. Ndipo uzidishe kwa 6.283 ukitaka radiani kwa sekunde, au kwa 360 ukitaka nyuzi. Kurudi ni kinyume chake. Mkato upo: RPM mara 0.1047 inakupa radiani kwa sekunde, radiani kwa sekunde mara 9.55 inakupa RPM, na RPM mara 6 inakupa nyuzi kwa sekunde. Mshale wa sekunde wa saa ya ukutani ni RPM 1, nyuzi 6 kila sekunde. Ila mkato una ubaya wake: mtu huzidisha pale pa kugawa na asishtuke, maana hajaona namba yoyote ya katikati anayoielewa.

Na tafadhali, kubadili D (nyuzi) kuwa R (radiani) kwenye kikokotoo hakugeuzi RPM kuwa radiani. Kile kitufe kinahusu sine na wenzake tu. Nashangaa wangapi wanafika chuo wakiamini vingine.

Sasa, lini ugeuze? Mara nyingi usigeuze kabisa. Mota ya RPM 1,440 yenye puli (gurudumu la mkanda) ya inchi 8 inavuta mashine ya kusaga yenye puli ya inchi 4: mashine itakwenda RPM 2,880, mkanda usipoteleza. Unalinganisha puli kwa puli, kipimo ni kilekile pande zote mbili. Kuingiza radiani hapo ni kujitafutia kazi.

Radiani inadaiwa pale mzunguko unapokutana na nguvu ya umeme au na nusu kipenyo. Chukua kibao cha maelezo kilichobanwa kwenye mota hiyo: 5.5 kW, 1440 r/min (yaani RPM), 50 Hz. Unataka kujua shafti inasukuma kwa nguvu gani ya kuzungusha, ili uchague kapulingi, kile kiungo cha kuunganisha shafti mbili. Gawa 1,440 kwa 60, unapata mizunguko 24 kwa sekunde. Zidisha kwa 6.283, unapata radiani 150.8 kwa sekunde. Wati 5,500 ukizigawa kwa 150.8 ni newtoni-mita 36.5. Kijana aliyegawa moja kwa moja kwa 1,440 atapata 3.8, na kapulingi atakayonunua Kariakoo kwa hesabu hiyo haitamaliza wiki.

Twende ndani ya ile mashine ya kusaga, zinakozunguka nyundo zake. RPM 2,880 ni mizunguko 48 kwa sekunde, radiani 301.6. Ncha ya nyundo ikiwa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, zidisha kwa 0.2: inapiga mahindi kwa mita 60 kwa sekunde. Ukitafuta nguvu inayoivuta nyundo kwenda nje, kasi hiyo inazidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo anayesahau kugeuza hakosei mara 9.55 tu, anakosea mara 91.

Kibao nacho kisome vizuri. Kingine huandikwa min⁻¹. Hiyo ni RPM ileile. Tatizo ni s⁻¹, ambayo inaweza kuwa mizunguko kwa sekunde au radiani kwa sekunde, na hapo huna budi kutafuta maelezo ya mtengenezaji. Halafu tazama hezi (Hz). Mota iliyotoka Marekani ikiwa na RPM 1,725 kwa hezi 60, ukiilisha umeme wetu wa hezi 50 itashuka hadi 1,440 hivi, na hiyo ni mbali na mambo ya volti.

Hesabu ambayo ningetaka kila fundi aifanye ni ya jiwe la grainda. Jiwe la milimita 115, lile la inchi nne na nusu, kwa kawaida huandikwa mwisho RPM 13,300 hivi. La milimita 230 mwisho wake ni 6,600 hivi. Watu hudhani dogo ni imara zaidi. Wapi! Geuza RPM kuwa radiani, zidisha kwa nusu kipenyo, na yote mawili yanakupa mita 80 kwa sekunde ukingoni. Sasa kuna mafundi wanaotoa kava ya grainda ndogo ili jiwe kubwa lienee. Grainda ndogo ya RPM 11,000 ni radiani 1,152 kwa sekunde, mara nusu kipenyo cha jiwe kubwa, mita 0.115, ukingo wa jiwe hilo unakwenda mita 132 kwa sekunde, na kava iko sakafuni.