Kumbe Kulikuwa na Kundi Jingine

Tulikuwa kwa mama lishe, nyuma ya jengo letu pale Posta. Mwenzangu wa ofisini akanipa simu nitazame picha za sendoff, mara ujumbe ukaingia: "Jumamosi Coco, mihogo saa kumi." Kundi la WhatsApp la watu saba. Idarani kwetu tupo wanane.

Sikusema kitu. Ila kwenye daladala, kuanzia Posta mpaka Rangi Tatu, nilijihesabia makosa yote. Mchango wa harusi nilichelewesha? Nilijibu mtu vibaya? Wiki tatu nikawa nakula peke yangu mezani, nasingizia kazi.

Mwanasaikolojia Kipling Williams yalimkuta akiwa bustanini: watu wawili wasiomjua wakarushiana naye kisahani cha kuchezea (frisbee), halafu wakamwacha bila neno. Iliuma. Baadaye akabuni mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, ambamo wenzako wawili ghafla hawakupi pasi. Watu huumia hata wakiambiwa kwamba hao wawili ni kompyuta tu! Kwa hiyo lile pigo la kwanza humpata karibu kila mtu. Tabia ya mtu huonekana zaidi baadaye, kwenye kupona, na wenye hofu ya watu huchelewa.

Mdogo wangu alipoachwa kwenye kikoba alilia usiku mmoja, asubuhi akawafuata: "Mbona hamkuniambia?" Mimi jambo nalitafuna mpaka linageuka kuwa hukumu juu yangu.

Ikikukuta, usilihoji kundi zima. Mtafute mmoja, mkiwa wawili, umuulize bila kulaumu. Mimi nilimuuliza yule mwenye simu, akashangaa.

"Dada, kila tukikuita unasema una kazi. Tukajua unajisikia."

Ninajisikia! Mimi ambaye nilikuwa sijioni kitu. Mjini hapa ukimya na maringo watu wanavisoma sawa, na mtu wa haya lazima alijue hilo mapema.

Si wote waliokuwa na sababu hiyo, lakini. Mmoja hanipendi tu, mpaka leo salamu yangu huijibu akitazama dirishani. Huyo nimeacha kumtafutia dawa. Kilichonisaidia ni kwaya ya Alhamisi, ambako nisipofika sauti ya pili inayumba na wananipigia simu.

Lile kundi waliniingiza. Asilimia kubwa ni picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema." Nimelinyamazisha.