Zima suichi kwanza

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni filamu gani ya zamani yenye ndege unayoikumbuka, na je, za siku hizi za kompyuta zimeifikia?" Mmeweka na picha ya ile ndege ndogo ya njano, Gipsy Moth, ya Out of Africa, filamu ya 1985, kwa hiyo najua wengi watajibu hiyo. Ndege ni nzuri, sikatai. Ila mimi kila nikiiona namkumbuka Kamau, mtumishi aliyekuwa kwenye ndege ya Denys Finch Hatton, yule ambaye mapenzi yake ndiyo yanayosimuliwa kwenye filamu hiyo, ilipoanguka Voi tarehe 14 Mei 1931. Walikufa wote wawili. Mapenzi ya mmoja yanasimuliwa hadi leo, na Kamau anatajwa kwa nadra sana. Ndiyo maana mimi nikiona ndege kwenye picha, naanza kuuliza: mle ndani kakaa nani?

Filamu yangu ni The Flight of the Phoenix ya 1965. Niliiona Tanga mwaka 1978, nikiwa darasa la tano. Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndege East African Airways, na shirika lilipokufa mwaka 1977 alirudi nyumbani na sanduku la spana na ukimya mwingi. Jioni moja akaniambia, "Vaa shati, mjomba, kuna picha ya ndege." Tukaenda kwa miguu.

Kwa wasioijua: ndege inaanguka katikati ya Sahara, na abiria walionusurika wanaunda ndege nyingine ndogo kutokana na mabaki. Kingereza sikuwa nakijua, nikawa nategemea minong'ono ya mjomba. Saa nzima alinong'ona vizuri tu. Ilipofika sehemu ya kuwasha injini, ukumbi mzima akili zimesimama, kwa sababu injini ile inawashwa kwa risasi maalumu, ambazo mlipuko wake ndio unaoizungusha, na wamebakiwa na saba tu. Rubani, James Stewart, analipua ya kwanza. Panga boi linageuka kidogo, moshi, kimya. Ya pili hivyo hivyo. Mjomba akaanza kugonga goti langu kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti ambayo watu wa viti vya mbele waliisikia: "Zima suichi kwanza! Zisafishe silinda!"

Watu wakamwambia nyamaza mzee. Jamaa mmoja akamrushia ganda la karanga. Mjomba hakusikia. Kwenye picha, rubani anasema atalipua risasi moja suichi ikiwa imezimwa, ili injini ijisafishe tu, na yule Mjerumani aliyeichora ndege anampigia kelele kwamba anaipoteza bure. Rubani akalipua. Kisha akawasha suichi, akalipua nyingine, na injini ikanguruma. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na yule wa karanga akageuka kumtazama mjomba wangu kama anamtazama mganga.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alinieleza. Injini za aina ile, za zile ndege za zamani za Dakota pia, silinda zake zimepangwa duara kama spoku za baiskeli. Ndege ikilala, oili huteremka usiku na kujaa kwenye silinda za chini. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuwasha, wao mafundi walikuwa wanalishika panga boi kwa mikono na kulizungusha, ubawa baada ya ubawa, wakisikiliza kama kuna linalokwama. Alisimama chini ya taa ya barabarani akanionyesha jinsi mkono unavyowekwa na jinsi unavyorudi nyuma haraka. Kiganja chake kilikuwa na kovu jeupe. Sikuwahi kumwona akiongea vile tangu arudi.

Lakini kabla hatujatoka ukumbini kulikuwa na jambo jingine. Watu walishaanza kusimama, mjomba akanishika shati nikae. Mwishoni kabisa yalikuja maandishi, akanitafsiria: tukumbuke kwamba Paul Mantz, mtu mwema na rubani hodari, alitoa maisha yake katika kutengeneza picha hii. Nikamwambia, "Si stelingi hafi?" Akasema, "Stelingi hafi. Huyu alikuwa ndani ya ndege."

Kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa watu wa kompyuta. Ndege ya kompyuta haina uzito. Ya zamani jicho linajua kuna mtu mle, na ndiyo maana moyo unadunda. Mantz huyo huyo ndiye aliyeirusha B-17 peke yake, ndege ya injini nne, akaitua kwa tumbo kwa ajili ya Twelve O'Clock High ya 1949. Alishinda mbio za ndege za Bendix mara tatu mfululizo, 1946 hadi 1948. Hakuwa mtu wa kubahatisha, na hakupenda kuitwa rubani wa michezo ya hatari.

Sasa nikiwa naandika hapa najiona nalainika, na niseme wazi kwa nini. Mantz alikufa tarehe 8 Julai 1965 kwenye jangwa la Marekani, karibu na Yuma, akiwa na miaka 61. Siku hiyo alikuwa anashika nafasi ya mwenzake Frank Tallman, aliyekuwa ameumia mguu (mguu wenyewe baadaye ukakatwa). Akiwa kwenye ile ndege ndogo ya filamu, alipita chinichini juu ya mchanga, wakapiga picha. Akarudia mara ya pili. Hiyo ya pili ndege ikagusa kilima kidogo, akafungua moto wote wa injini ainyanyue, ikakatika vipande viwili. Bobby Rose, mtu wa michezo ya hatari aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliumia vibaya lakini akapona.

Filamu ikamaliziwa kwa ndege nyingine, O-47 ya kijeshi ya zamani, iliyotolewa kioo cha juu na kupakwa rangi ifanane. Yaani ile ndege ya mwisho mwisho, ninayoitazama kila mara huku koo limekaba, siyo hata aliyofia Mantz. Miaka na miaka sikuitambua. Jicho langu nililokuwa najivunia halikujua lolote.

Kwa hiyo jibu langu: za sasa hazijaifikia, na sidhani zitaifikia. Lakini kama mngeniuliza siku ile Yuma, ningesema ile mara ya pili iachwe, au kama teknolojia ingekuwepo, ichorwe kwa kompyuta, na mimi nisingegundua. Mtasema najipinga. Pengine. Ila hata hiyo O-47 ilikuwa ndege ya kweli na rubani wa kweli, na sauti ya ile injini ikiwaka baada ya suichi kuzimwa sijaisikia kwenye picha yoyote ya sasa. Mjomba alifariki mwaka 1991. Spana zake ninazo, nazipaka oili kila mwezi.