Nueva Germania: koloni lililouza ardhi lisilokuwa na hati yake

Swali la juma hili lilikuwa na sehemu mbili: makoloni ya Wazungu waliokwenda ng'ambo kujenga “jamii mpya” yalikufa kwa sababu ya hali ya hewa au kwa sababu ya watu wenyewe? Na je, pwani yetu iliwahi kupokea wageni wa aina hiyo?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni joto na homa. Kwa koloni mashuhuri kuliko yote ya aina hii, Nueva Germania ya Paraguay, jibu hilo halitoshi. Koloni hilo lilinyongwa na mkataba wa ardhi, na itikadi ya waanzilishi wake ndiyo iliyofanya masharti ya mkataba huo yasiweze kutimizwa.

Mwanzilishi alikuwa Bernhard Förster, mwalimu wa sekondari mjini Berlin aliyejulikana zaidi kwa chuki yake dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1881 yeye na wenzake walimpelekea Chansela Bismarck ombi lenye sahihi zaidi ya laki mbili wakitaka haki za Wayahudi zipunguzwe. Serikali haikulifanyia kazi. Förster alipoteza ualimu, akaenda Paraguay mwaka 1883, akazunguka huko kama miaka miwili akitafuta mahali ambapo Wajerumani “safi” wangeishi bila kuchanganyika na mtu. Aliporudi alimwoa Elisabeth Nietzsche, dada wa mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, Mei 1885. Kaka mtu aliuchukia mradi ule, hakwenda harusini, na alipoombwa aweke fedha zake alikataa. Katika sakata zima hakuna aliyepiga hesabu vizuri kumshinda.

Kwa nini Paraguay? Kwa sababu nchi ilikuwa tupu na serikali ilikuwa na njaa ya fedha. Vita vya 1864 hadi 1870 dhidi ya Brazili, Argentina na Uruguay vilimaliza, kwa makadirio mengi, zaidi ya nusu ya watu wake, na wanaume ndio walioteketea zaidi. Miaka ya 1880 serikali ilikuwa inauza ardhi ya umma na kuwabembeleza wahamiaji. Wajerumani wengine walikuwa tayari wameanzisha San Bernardino kando ya ziwa Ypacaraí mwaka 1881. Kwa hiyo Förster hakuwa anafungua njia mpya. Alichokuwa nacho cha pekee ni masharti yake tu.

Familia 14 za kwanza, nyingi kutoka Saxony, ziliondoka Hamburg Februari 1886 na kufika Asunción mwezi Machi. Zilifika kabla ya ardhi kupatikana. Hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi mtu yeyote aliyewahi kununua shamba, maana mwenye ardhi akishaona watoto na mizigo ya mnunuzi bandarini, bei anaipanga yeye.

Mkataba wenyewe ndio kiini cha jibu hili. Eneo lililochaguliwa lilikuwa Campo Cassaccia, umbali wa kilomita zipatazo 300 kaskazini mwa Asunción katika mkoa wa San Pedro, kwenye mito ya Aguaray-guazú na Aguaray-mí. Mwenye eneo, Cirilio Solalinde, alitaka maki 175,000, fedha ya Ujerumani ya wakati ule. Förster hakuwa na fedha hizo wala hakuwa na wa kumkopesha. Novemba 1886 serikali ikaingia katikati: ingemlipa Solalinde maki 80,000, na Förster angeweka amana ya maki 2,000 tu. Kwa hiyo maki 2,000 zikampa usimamizi wa zaidi ya hekta 15,000. Inasikika kama bahati nasibu, mpaka ufike kwenye sharti: Förster angepewa hati ya umiliki endapo tu angeingiza familia 140 kufikia mwisho wa Agosti 1889. Zikipungua, ardhi inarudi serikalini, na kila alichojenga juu yake anakiacha.

Sasa piga hesabu. Kutoka Novemba 1886 hadi Agosti 1889 ni miezi 33. Familia 140 kwa miezi 33 ni zaidi kidogo ya familia nne kila mwezi, bila mwezi hata mmoja wa kukosa na bila familia hata moja kurudi kwao. Kufikia katikati ya 1888 zilizokuwa zimefika hazikuzidi 40 hivi, na baadhi zilikwisha kuondoka. Zilibaki familia 100 kwa miezi 13 au 14, yaani saba au zaidi kila mwezi.

Wajerumani wa kuhama hawakukosekana. Katika muongo huohuo zaidi ya milioni moja walihamia Marekani, ambako mlowezi aliweza kupata ekari 160 za serikali kwa ada ndogo, akikaa na kulima miaka mitano, na hati ikawa yake. Förster alitaka Mjerumani mwenye fedha za nauli na za kiwanja, anayekubaliana naye kuhusu Wayahudi, na ambaye baada ya hayo yote anaona afadhali kichaka cha San Pedro kuliko tambarare za Nebraska. Kila sharti la itikadi lilikuwa chujio, na kila chujio lilipunguza idadi ambayo mkataba ulitaka iongezeke. Yeye mwenyewe alikuwa hali nyama na alihubiri hivyo. Sijui nani alidhani utampelekea mkulima wa Saxony kwenye nchi ya ng'ombe kisha umwambie aishi kwa maharage.

Njia ya kufika ilikuwa hivi: meli kutoka Hamburg hadi mlango wa mto La Plata, kisha stima kupanda mto Paraná na mto Paraguay hadi Asunción, kisha chombo kingine kwenda kaskazini, na mwisho mikokoteni ya maksai kupita msituni. Mkokoteni wa maksai wenye mzigo hauendi zaidi ya kilomita 15 au 20 kwa siku njia ikiwa kavu, na mvua ikinyesha hauendi kabisa. Njia hiyohiyo ndiyo ingepitisha mazao kwenda sokoni. Mahindi, maharage na mihogo hupatikana kote Paraguay. Hakuna aliyehitaji kuyasafirisha kilomita 300 kufika Asunción ambako yalikuwa yanalimwa nje ya mji. Zao lenye bei ya kustahimili nauli hiyo halikuwa limepandwa bado, na nitalifikia.

Shambani, maeneo ya chini yalijaa maji wakati wa mvua na udongo wa mfinyanzi ukanata kwenye jembe. Majira yamegeuka: unapanda wakati ambao kwenu ni vuli. Viazi na ngano walivyovizoea vilipaswa kupisha mihogo, ambayo Waparaguay waliijua vema, lakini kwenda kujifunza kwa jirani Mguarani, mwenyeji wa nchi, kulipingana na hoja nzima ya kuja. Halafu kulikuwa na funza. Hawa tunawajua: ni walewale waliovuka bahari kutoka Amerika Kusini hadi Angola mwaka 1872, na kabla karne haijaisha walikuwa wamekwisha kufika upande wetu wa Afrika. Jike hujichimbia chini ya kucha, huvimba kwa mayai mpaka akatosha punje ya mbaazi, na anatakiwa atolewe mzima kwa sindano safi. Ukimpasua ndani, kidonda kinaoza. Mgeni asiyejua hilo hupoteza kazi ya wiki kadhaa kwa sababu ya kidole kimoja cha mguu, tena msimu wa kupanda.

Hata hivyo, ugonjwa na matope vingevumilika kama mlowezi angekuwa na hakika kwamba shamba ni lake. Hapo ndipo Julius Klingbeil anapoingia. Alikuwa fundi cherehani aliyefika mwaka 1888, akakaa muda mfupi, akarudi Ulaya, na mwaka 1889 akachapisha kitabu kizima cha kuwaumbua akina Förster. Aliyoyaeleza yanapangika kwa urahisi. Mlowezi alilipia kiwanja kwa maki zake, lakini hati hakupewa, kwa sababu muuzaji mwenyewe hakuwa nayo. Tunaokaa miji ambayo kiwanja kimoja huuzwa kwa watu watatu hatuhitaji maelezo zaidi. Fedha zilizobaki mlowezi alitakiwa kuziweka kwa mwenye koloni. Mahitaji yote, kuanzia chumvi hadi misumari, aliyanunua kwenye duka la mwenye koloni. Mtu wa namna hiyo hawezi kuhama, maana akiba yake iko kwa mtu anayemhama. Kuhusu mamlaka, Klingbeil alisema bayana kwamba mwenye sauti alikuwa Elisabeth, na mumewe alikuwa mtu wa hofu asiyetulia.

Machi 1888 akina Förster walikuwa wamehamia kwenye jumba lao, Försterhof, lenye dari za juu, wakati walowezi wao wakikaa kwenye vibanda vya udongo. Elisabeth alijibu shutuma kupitia jarida la wafuasi wa mwanamuziki Richard Wagner kule Bayreuth, akisifu hewa, ardhi na furaha ya walowezi. Lakini kitabu cha Klingbeil kilikuwa kimefunga bomba la familia mpya, na bila familia mpya hakukuwa na hati. Förster alihamia hotelini San Bernardino, akawa analewa na kukopa ili kulipa mikopo mingine. Tarehe 3 Juni 1889, ikiwa imebaki miezi mitatu kufikia siku ya mwisho ya mkataba, alikufa kwa sumu. Mjane wake alishikilia kwamba ni moyo. Ardhi ikaangukia mikononi mwa kampuni, na Elisabeth akaondoka moja kwa moja mwaka 1893, akarudi Ujerumani kusimamia maandishi ya kaka yake aliyekuwa amepoteza akili. Huko nako alifanya yake, lakini hilo ni swali la juma lingine.

Zao nililoahidi ni yerba mate, majani ya mti wa msituni ambayo Paraguay na Argentina huyanywa kama sisi tunavyokunywa chai. Mapadri Wajesuiti walikuwa na mashamba yake. Walipofukuzwa mwaka 1767 ujuzi wa kuotesha mbegu ulipotea, na kwa zaidi ya karne moja watu walirudi kukata majani ya miti ya porini, kila mti ukipumzishwa miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa tena. Tatizo liko kwenye mbegu yenyewe: ganda lake ni gumu, na tunda linapoanguka kiini cha ndani hakijakomaa. Ukiipanda kama mahindi haioti. Inabidi matunda yaliyoiva hadi kuwa mekundu ya kuelekea weusi yaoshwe nyama yote, mbegu zipangwe kwa matabaka ndani ya mchanga wenye unyevu na ziachwe miezi kadhaa, kisha ziende kitaluni chini ya kivuli. Hata hapo nyingi hazichipui. Mche ukifika shambani, unasubiri kama miaka minne kupata mavuno ya kwanza ya maana. Majani yakikatwa lazima yapitishwe haraka kwenye ndimi za moto, la sivyo yanageuka meusi, ndipo yakaushwe polepole na kusagwa.

Aliyefanikiwa kuotesha mbegu hizo upya ni mlowezi wa Nueva Germania, Neumann, na mwishoni mwa miaka ya 1890 koloni lilikuwa na miti ya kupandwa. Yaani zao la kulipia mkokoteni na stima lilikuwepo pale pale tangu siku ya kwanza. Ila kitalu pamoja na miaka minne ya kusubiri vinazidi miezi 33 ya mkataba, na mtu asiye na hati hapandi mti.

Wanaosema hali ya hewa iliwashinda waangalie Hohenau, kusini-mashariki mwa Paraguay, iliyoanzishwa mwaka 1900 na Wajerumani waliotoka Brazili. Hao walikwisha kuijua mihogo, funza na yerba, na mji wao umestawi. Au waangalie Wamenoniti, Wakristo wa lugha ya Kijerumani waliotoka Kanada mwaka 1926 kwenda Chaco, nyanda kame ambako hata maji ya kisima yanaweza kuwa na chumvi. Walikuwa zaidi ya 1,700. Walikwama zaidi ya mwaka mmoja bandarini Puerto Casado, zaidi ya mia moja wakafa, mamia wakarudi Kanada, na waliobaki wakajenga makoloni yaliyopo hadi leo. Nao walikuwa watu wa imani kali na wa kujitenga. Tofauti ni kwamba walikuja vijiji vizima, wakulima watupu, na hakuna aliyewapa idadi ya kutimiza ili ardhi iwe yao.

Kuhusu pwani yetu: ndiyo, Lamu, mwaka 1894. Theodor Hertzka, mchumi wa Vienna, alikuwa ameandika mwaka 1890 riwaya kuhusu nchi huru kwenye nyanda za juu karibu na Mlima Kenya, ambako ardhi si ya mtu na kila mfanyakazi ana fungu lake. Vyama vya wafuasi vilizuka Ujerumani na Austria, fedha zikachangwa, na kikosi cha utangulizi kikashuka Lamu kikitaka kupanda mto Tana hadi mlimani. Hakikutoka pwani. Wenyewe kwa wenyewe waligombana, ruhusa ya Waingereza haikupatikana, na mto walioutegemea unapitika kwa vyombo vidogo kule tambarare tu, kwa kuwa maporomoko huuziba kabla ya kufika milimani. Kabla ya mwaka kwisha kikosi kilivunjwa. Ile ardhi isiyo ya mtu ilikuwa ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameulizwa.